Missouri dhidi ya China: kesi ya UVIKO-19 iliyoshinda kwa barakoa

Tarehe 7 Machi 2025, Jaji Stephen N. Limbaugh Jr. wa mahakama ya shirikisho ya Marekani, wilaya ya mashariki ya Missouri, aliiamuru China ilipe jimbo la Missouri dola 24,488,825,457. Habari ilivyosambaa, ikawa China imehukumiwa kulipia UVIKO-19. Hukumu haisemi hivyo. Haikutoa hata senti moja kwa sababu virusi vilianzia Wuhan, wala kwa ajili ya waliokufa, wala kwa ajili ya maabara. Fedha yote imetokana na dai moja: kwamba China ilihodhi barakoa, glovu na vifaa kinga vingine wakati dunia bado haijaelezwa ukubwa wa hatari.

Anayetaka kujua kama nchi inaweza kulipishwa kwa janga la dunia aifuate kesi hii hatua kwa hatua. Kila hatua ilipunguza kitu, na iliyobaki mwishoni si kesi iliyofunguliwa mwanzoni.

Kilichodaiwa

Shauri lilifunguliwa tarehe 21 Aprili 2020, wiki sita hivi baada ya Shirika la Afya Duniani kuutangaza ugonjwa kuwa janga la dunia. Aliyelifungua ni Eric Schmitt, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Missouri, sasa seneta. Wadaiwa walikuwa tisa: Jamhuri ya Watu wa China, Chama cha Kikomunisti, Tume ya Taifa ya Afya, wizara mbili, serikali ya mkoa wa Hubei, serikali ya jiji la Wuhan, Taasisi ya Virolojia ya Wuhan na Chuo cha Sayansi cha China.

Madai yalikuwa manne. La kwanza, kero kwa umma. La pili, shughuli yenye hatari isiyo ya kawaida, yaani utafiti wa maabara. La tatu, uzembe wa kuacha ugonjwa usambae. La nne, kuhodhi vifaa kinga. Missouri haikuwa peke yake: mawakili wa Florida walifungua shauri la kundi mwezi Machi 2020, na jimbo la Mississippi likafuata mwezi Mei. La Missouri tutalishika kwa sababu ndilo lililofika kwenye rufaa na kutoka na kiasi cha fedha.

Wito usiopokelewa

Kazi ya kwanza ya mdai yeyote ni kumfikishia mdaiwa hati ya wito. Kwa serikali ya kigeni, sheria ya Marekani imeweka ngazi za kupanda kwa mpangilio: kwanza makubaliano maalumu kama yapo, kisha mkataba wa kimataifa, kisha posta kupitia karani wa mahakama, na mwisho njia ya kidiplomasia kupitia Wizara ya Mambo ya Nje. Huruki ngazi.

Marekani na China zote zimo katika Mkataba wa Hague wa 1965 kuhusu kupeleka hati nje ya nchi, kwa hiyo Missouri ilituma nyaraka zilizotafsiriwa kwa Wizara ya Sheria ya China. China ikakataa kwa kifungu cha 13, kinachoruhusu nchi kukataa hati inayoona inagusa mamlaka au usalama wake. Njia ya posta nayo ilizibwa, kwani China iliiwekea pingamizi ilipojiunga na mkataba huo. Mahakama ikaruhusu Chama, Taasisi ya Virolojia na Chuo cha Sayansi wapelekewe kwa barua pepe, na vyombo vya serikali vikapelekewa kwa njia ya kidiplomasia. Baada ya hapo serikali ina siku 60 za kujibu. China haikujibu wala kutokea, toka siku hiyo hadi hukumu.

Kutokea kwa mdaiwa si lazima ili kesi iendelee, ila kutokuwapo kwake hakumpi mdai ushindi wa bure. Mahakama inapaswa kujiuliza yenyewe kama ina mamlaka, hata kama hakuna wa kuuliza.

Kinga, na tundu moja ndani yake

Sheria inayotawala ni ya mwaka 1976 kuhusu kinga ya nchi za kigeni. Kanuni yake ya msingi ni kwamba nchi ya kigeni haishitakiwi katika mahakama za Marekani, isipokuwa pale sheria ilipotaja. Yaliyotajwa ni machache, miongoni mwao: nchi ikiwa imeiachia kinga yake yenyewe (ndiyo maana mikataba ya mikopo ya serikali huwa na kifungu cha kuachia kinga), nchi ikiwa imefanya biashara, madhara fulani yaliyotendeka ndani ya Marekani, na ugaidi kwa nchi zilizoorodheshwa kuwa zinaufadhili. Janga la ugonjwa halimo.

Missouri ilijaribu milango miwili. Wa kwanza, madhara yasiyo ya kibiashara, una makufuli mawili. Mahakama za rufaa kadhaa zimeshasema kitendo chote cha madhara lazima kiwe kimetendeka Marekani, na kilichotokea Wuhan kilitokea Wuhan. Tena sheria yenyewe inaondoa maamuzi ya kisera ya serikali, pamoja na madai ya kupotosha au kudanganya. Kuificha hali ya ugonjwa, kuchelewa kutoa taarifa na kuruhusu watu wasafiri ni maamuzi ya serikali, au ni maneno ya serikali. Mlango huo haukufunguka.

Tarehe 8 Julai 2022 Jaji Limbaugh alilitupa shauri lote kwa kukosa mamlaka. Missouri ikakata rufaa. Tarehe 10 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilikubali kwamba Chama, Taasisi na Chuo vyote vinahesabiwa pamoja na serikali na vina kinga, na madai matatu ya kwanza yakafa. Dai la nne likaokolewa kupitia mlango wa biashara. Kununua barakoa kwa wingi sokoni, kutwaa viwanda na kuzuia bidhaa zisitoke ni matendo ambayo mfanyabiashara naye angeweza kuyafanya, na Missouri ilieleza athari iliyofika moja kwa moja Marekani: uhaba na bei kupanda. Jaji aliyepinga aliona athari hiyo haikuelezwa kwa kutosha. Hoja yake si dhaifu.

Basi mahakama iliyosema haiwezi kugusa chanzo cha ugonjwa ikasema inaweza kugusa soko la barakoa.

Ushahidi na hesabu

Mdaiwa asipotokea katika kesi ya kawaida, mdai huandikiwa hukumu ya upande mmoja bila shida kubwa. Kwa nchi ya kigeni sheria inataka zaidi: mdai athibitishe haki yake kwa ushahidi unaoiridhisha mahakama. Ndiyo sababu kulikuwa na kikao cha ushahidi tarehe 27 Januari 2025, chini ya Mwanasheria Mkuu mwingine, Andrew Bailey.

Simulizi ya kuhodhi ilikuwa na mizizi serikalini. Ripoti ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ya Mei 2020 ilisema China ilipunguza makali ya taarifa zake huku ikijaza maghala. Kwa hesabu za ripoti hiyo, uagizaji wa barakoa za upasuaji kuingia China uliongezeka kwa asilimia 278, na uuzaji wa barakoa nje ukashuka kwa asilimia 48. Missouri ililijenga dai lake juu ya sheria ya ushindani, na jaji akaona kuna ukiritimba. Sheria ya ushindani ina faida moja ambayo dai la kawaida halina: hasara iliyothibitishwa huzidishwa mara tatu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Fedha ambayo jimbo lilitumia kununua vifaa kinga ni dola 122,941,819. Mapato ya kodi yaliyopotea ni dola bilioni 8.04. Jumla ni dola 8,162,941,819, na mara tatu yake ndiyo dola 24,488,825,457, juu yake riba ya baada ya hukumu.

Kodi ndiyo asilimia 98 na ushee ya msingi wa hesabu. Iondoe, bakiza barakoa na glovu zilizonunuliwa kwa fedha ya jimbo, na hukumu hata baada ya kuzidishwa mara tatu inashuka hadi dola milioni 368.8. Na kodi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Mwaka 1972, katika shauri la Hawaii dhidi ya Standard Oil, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kudai fidia kwa sheria ya ushindani kwa ajili ya madhara kwa uchumi wake wa jumla. Wakili yeyote wa China angefungulia hapo. Angeuliza pia ni kiasi gani cha anguko la uchumi wa Missouri kilitokana na uhaba wa barakoa, na kiasi gani kilitokana na ugonjwa wenyewe, amri za kukaa nyumbani na woga wa watu. Angekumbusha kwamba Ujerumani na Ufaransa zilizuia vifaa kinga kutoka mwezi Machi 2020, na Marekani yenyewe ikafanya hivyo mwezi Aprili. Hakuuliza mtu, kwa sababu kiti cha mdaiwa kilikuwa kitupu. Tarakimu kubwa ya upande mmoja haijapigwa msasa na yeyote, na siku mdaiwa akiamua kutokea ndipo inapojaribiwa.

Hilo limeshaipata China. Mwaka 1982 mahakama ya Alabama iliiandikia hukumu ya zaidi ya dola milioni 41 kwa hati za mkopo wa reli ya Hukuang, zilizotolewa na utawala wa kifalme mwaka 1911. China ilikaa kimya, kisha ikatokea baada ya kushauriwa na serikali ya Marekani, ambayo nayo iliiunga mkono mahakamani. Mwaka 1984 hukumu ilifutwa: sheria ya 1976 haikurudi nyuma kuyafikia mambo ya 1911. Rufaa ya wenye hati ilishindwa mwaka 1986.

Dalali wa mahakama atakamata nini?

Hukumu ni karatasi mpaka ikaziwe, na hapa kuna kinga ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza. Nchi inaweza kushindwa kesi na mali yake ikabaki salama.

Kwanza, nakala ya hukumu ipelekwe kwa nchi husika kwa njia zilezile za wito, muda wa kutosha upite, kisha mahakama itoe amri maalumu kabla mali yoyote haijaguswa. Mnamo Novemba 2025, Mwanasheria Mkuu wa sasa, Catherine Hanaway, alikuwa ndiyo kwanza anaiomba Wizara ya Mambo ya Nje iifikishie China hukumu hiyo rasmi.

Pili, mali ya nchi yenyewe hukamatwa tu ikiwa iko Marekani, inatumika kwa biashara, na kwa hukumu ya aina hii iwe ilitumika kwa biashara ileile iliyozaa dai. Barakoa zilizohodhiwa mwaka 2020 hazipo tena kukamatwa, na hazikuwa Marekani. Ubalozi na akaunti zake zinalindwa na Mkataba wa Vienna. Hati za deni la Marekani zinazomilikiwa na China, zilizozidi dola bilioni 750 mwanzoni mwa 2025, hutajwa na kila mtu, lakini mali ambayo benki kuu ya kigeni inashikilia kwa ajili yake yenyewe imekingwa kwa jina katika sheria ileile ya 1976.

Tatu, kampuni ya serikali si serikali. Tangu uamuzi wa mwaka 1983 katika shauri la benki ya Cuba iitwayo Bancec, mdai anayetaka mali ya shirika la umma kulipia deni la nchi lazima aonyeshe kwamba shirika hilo ni kivuli tu cha serikali, au kwamba kulitenganisha nayo kungeleta dhuluma. Ni mzigo mzito.

Ofisi ya Bailey iliahidi kukamata mashamba. Missouri kuna zaidi ya ekari 40,000 za ardhi ya kilimo zenye wamiliki wa Kichina, na karibu zote zinahusiana na Smithfield, kampuni ya nyama ya nguruwe iliyonunuliwa mwaka 2013. Mnunuzi ni kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Hong Kong, haikuwa mdaiwa, na si mali ya serikali ya China. Kulikamata shamba hilo kungekuwa kumlipisha mtu deni la jirani kwa sababu wanatoka mtaa mmoja.

Nairobi, Dar es Salaam na senti tatu

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wa karibu wa jinsi hukumu ya namna hii inavyogeuka fedha. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na watu 224 wakauawa. Wahanga waliishitaki Sudan katika mahakama za Marekani kwa kuwahifadhi al-Qaeda. Sudan iliacha kujitetea, hukumu za upande mmoja zikatolewa, na jumla ikafika dola bilioni 10.2, ambazo bilioni 4.3 zilikuwa za adhabu. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hata zile za adhabu zinaruhusiwa.

Sudan ililipa dola milioni 335, na ndani ya kiasi hicho wamo pia wahanga wa shambulio la meli ya kivita ya Marekani, USS Cole. Haifiki senti tatu na nusu kwa dola. Na kilichozitoa ni haja ya Sudan ya kufutwa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, iliyokuwamo tangu 1993 na iliyokuwa ikiifungia mikopo na biashara. Iliondolewa Desemba 2020, Bunge la Marekani likairudishia Sudan sehemu kubwa ya kinga yake, na fedha zikaachiliwa mwaka 2021. Mkenya au Mtanzania aliyekuwa akipita tu barabarani siku ile, asiye raia wa Marekani wala mwajiriwa wake wala ndugu wa mhanga wa aina hiyo, hakuwa na mlango katika sheria hiyo.

China haimo kwenye orodha yoyote ya namna hiyo, na Marekani haina kitu cha kuinyima China ambacho China haiwezi kulipizia. Aprili 2020 Australia iliomba tu uchunguzi huru wa chanzo cha virusi. Mwezi uliofuata shayiri yake ikawekewa ushuru wa zaidi ya asilimia 80 kuingia China, na ushuru huo haukuondolewa hadi Agosti 2023. China ilisema ni suala la kuuza chini ya bei. Wakulima wa shayiri walijua vinginevyo.

Na mahakama za kimataifa?

Kosa linalozungumzwa zaidi, kuchelewa kutoa taarifa, lina sheria yake. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, kifungu cha 6, zinaitaka nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya dunia. Kanuni za Tume ya Sheria ya Kimataifa za 2001 zinasema nchi iliyovunja wajibu wake inapaswa kufidia. Kwa karatasi, dai lipo.

Kinachokosekana ni pa kulipeleka. Kifungu cha 56 cha Kanuni za Afya kinataka mazungumzo, kisha usuluhishi iwapo tu nchi zote mbili zimekubali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague nayo inahitaji ridhaa, na China haijaikubali kwa ujumla. Marekebisho ya Kanuni hizo ya Juni 2024 na Mkataba wa Majanga uliopitishwa Mei 2025 yamegusa ufadhili, chanjo na kugawana sampuli. Hakuna kifungu cha fidia kati ya nchi na nchi. Kifungu kama hicho kingempa anayegundua ugonjwa mpya sababu ya kunyamaza, na nadhani kukiacha ilikuwa hesabu nzuri.

Ridhaa ikiwapo, fedha hutoka, ila kwa kipimo kingine. Kongo iliishitaki Uganda The Hague kwa vita vya 1998 hadi 2003, ikashinda mwaka 2005, na ikasubiri miaka 16 kupata kiasi. Ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 ilipewa milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili, kulipwa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano kuanzia Septemba 2022. Dai la hasara ya uchumi wa taifa, zaidi ya bilioni 5.7, lilikataliwa lote kwa kukosa uthibitisho kwamba hasara ilisababishwa na kitendo cha Uganda. Ni dai la jamii ileile na bilioni 8.04 za kodi za Missouri. Pale palikuwa na mawakili pande mbili, likaanguka. Huku palikuwa na upande mmoja, likazidishwa mara tatu. Uganda iliilalamikia hukumu, ila ililipa awamu ya kwanza kwa wakati.

Wuhan yajibu

Sheria ya China ya kinga ya nchi za kigeni ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na inaruhusu kuitendea nchi nyingine kama inavyoitendea China. Desemba 2025 Missouri ilitangaza kwamba imeshitakiwa katika mahakama ya kati ya watu ya Wuhan. Wadai ni serikali ya jiji la Wuhan, Chuo cha Sayansi na Taasisi ya Virolojia, wote wakiwa wadaiwa wa kesi ya kwanza, na wanataka yuan bilioni 356.4, karibu dola bilioni 50, pamoja na kuombwa radhi hadharani. Schmitt na Bailey wametajwa pia. Hanaway aliliita shauri hilo mbinu ya kuchelewesha.

Missouri sasa inakabiliwa na swali lilelile China ilikabiliwa nalo mwaka 2020: itokee au isitokee. Ikitokea Wuhan, inakubali kwamba mahakama ya jiji lililoathirika kwanza inaweza kulihukumu jimbo la Marekani. Isipotokea, itaandikiwa hukumu ya upande mmoja kwa hesabu ambazo hakuna wa kuzipinga, na mali yoyote yenye jina lake iliyomo China itakuwa hatarini.

Anayeifuatilia kesi ya Missouri asiangalie matangazo ya ofisi wala tarakimu inayokua kwa riba. Aangalie ombi la kwanza la amri ya kukamata mali mbele ya Jaji Limbaugh: ni mali gani imetajwa kwa jina, nani anaimiliki kwenye daftari la hati, na ilitumika kwa biashara ipi.